Faili linatambaa kwenye waifai ya nyumbani: pima kwanza, rekebisha baadaye

Video ya harusi yenye gigabaiti 40 ikipita kwenye kebo nzuri, kati ya kompyuta mbili zenye diski za SSD, inamalizika kwa dakika sita au saba. Video hiyohiyo ikipita hewani kwa masafa ya gigahezi 2.4, kutoka chumba cha nyuma hadi sebuleni katika nyumba ya matofali ya kuchoma, inaweza kukaa saa mbili na nusu, na umeme ukikatika katikati unaanza upya. Njiani faili linapita viungo vitano: diski linakotoka, waifai ya mashine inayotuma, ruta, waifai ya mashine inayopokea, na diski linakokwenda. Kasi unayoiona kwenye skrini ni ya kiungo chembamba kuliko vyote, hata kama vile vingine vinne ni vizuri kiasi gani. Kwa hiyo kazi ni kukitafuta kiungo hicho, na kinapatikana kwa kupima tu.

Kosa linalowagharimu watu wengi ni kuongeza bando. Faili linalotoka kwenye laptopu yako kwenda kwenye kompyuta ya chumba cha pili halitoki nje ya nyumba. Chomoa laini ya simu kwenye ruta, au ile kebo ya faiba inayoingia kutoka nje, halafu endelea kuhamisha: faili litaendelea kwenda kama kawaida. Ruta inafanya kazi ya kupokeza tu, mkono huu kwenda mkono ule, na hakuna megabaiti hata moja inayohesabiwa kwenye bando. Mambo hubadilika ukituma kwa WhatsApp, Telegram au Google Drive. Hapo faili linapanda hadi seva za mbali kisha linashuka tena, nawe unalipia kupanda na kushuka, ingawa mashine zote mbili ziko juu ya meza moja.

Biti si baiti

Kabla ya kulalamika, hakikisha unalalamikia namba sahihi. Kasi ya mtandao huandikwa kwa megabiti kwa sekunde, Mbps. Kompyuta inaponakili faili huonyesha megabaiti kwa sekunde, MB/s. Baiti moja ni biti 8. Ruta iliyoandikwa 300 Mbps kwenye boksi haitakupa megabaiti 300. Ukigawa kwa 8 unapata 37.5, na hapo bado hujatoa sehemu inayoliwa na mazungumzo ya waifai yenyewe, ambayo kwa kawaida ni kama nusu. Kwenye boksi mtengenezaji huandika kasi ya juu kabisa ya hewani, si kasi ya faili.

Matarajio ya haki ni haya, mashine moja ikiwa kwenye kebo na nyingine kwenye waifai, umbali wa mita tatu hivi, bila ukuta katikati:

- Gigahezi 2.4, antena moja, upana wa chaneli wa megahezi 20: inaunganika kwa 72 Mbps, faili linakwenda MB 4 hadi 5 kwa sekunde.
- Gigahezi 2.4, antena mbili, upana 20: 144 Mbps, faili MB 8 hadi 10.
- Gigahezi 5, antena moja, upana 80: 433 Mbps, faili MB 25 hadi 30.
- Gigahezi 5, antena mbili, upana 80: 866 Mbps, faili MB 50 hadi 65.
- Kebo kwenye tundu la 100 Mbps: MB 11 hadi 12, bila kuyumba.
- Kebo kwenye tundu la 1000 Mbps: MB 105 hadi 113, diski zikiweza.

Kama laptopu yako ina antena moja ya 2.4 na faili linakwenda MB 4, hakuna kilichoharibika. Umefika mwisho wa kifaa chako, na muda wa kutafuta kasoro utumie kutafuta kebo. Lakini kama orodha inasema 50 na wewe unapata 3, endelea kusoma.

Andaa kipimo kimoja kisichobadilika

Chukua faili moja la video la gigabaiti 2 hivi. Usitumie folda ya picha kwa sasa. Mafaili madogo yana ugonjwa wao, tutaufikia. Tumia saa ya simu kuhesabu sekunde, kisha gawa megabaiti kwa sekunde. Megabaiti 2,000 kwa sekunde 400 ni MB 5. Andika kwenye karatasi.

Usiamini mchoro wa Windows wa sekunde kumi za mwanzo. Unaanza juu, MB 80 au 100, kisha unaporomoka hadi 6, na watu hudhani mtandao umeharibika ghafla. Kilichotokea ni kwamba mwanzoni data inamwagwa kwenye kumbukumbu ya muda, ikijaa ndipo kasi ya kweli ya diski au ya hewa inaonekana. Saa ya simu haidanganywi na hilo. Pia faili ulilolinakili muda mfupi uliopita linaweza kusomwa kutoka kwenye kumbukumbu badala ya diski, hivyo ukirudia jaribio tumia faili lingine la ukubwa uleule, au washa mashine upya.

Hatua ya 1: zipime diski peke yake

Nakili faili hilo ndani ya mashine ileile, kutoka diski ya ndani kwenda kwenye flashi au diski ya nje unayokusudia kuhifadhia. Flashi nyingi za bei ya chini huandika MB 5 hadi 10 kwa sekunde tu, hata zikiwa zimeandikwa USB 3. Kama flashi inaandika 6 ikiwa imechomekwa moja kwa moja, haitaandika 20 kwa sababu faili limepitia ruta. Diski ya kuzunguka ya laptopu, iliyo nzima, huenda kati ya MB 80 na 120. Ikikupa 15 kwa faili moja kubwa, inaelekea kufa au imejaa pomoni. Hamisha vitu vyako kabla ya kuhangaika na waifai.

Diski iliyochomekwa nyuma ya ruta ni suala la peke yake. Ruta nyingi za nyumbani zina kichakata kidogo, na kazi ya kusoma diski na kugawa mafaili huilemea, hivyo unaweza kupata MB 5 hadi 10 hata ukiwa kwenye kebo. Hakuna mpangilio utakaoiponya. Chomeka diski hiyo kwenye kompyuta inayokaa imewashwa, ushirikishe folda kutoka huko.

Hatua ya 2: unganisha zote mbili kwa kebo

Hili ndilo jaribio linalofunua mengi kwa muda mfupi, na ndilo watu wanaloliruka. Chomeka kompyuta zote mbili kwenye matundu ya LAN ya ruta kwa kebo fupi, zima waifai kwenye zote mbili, hamisha faili. Laptopu isiyo na tundu itahitaji adapta ya USB kwenda kebo. Chagua ya USB 3 yenye kasi ya gigabiti.

Kwenye Windows, fungua PowerShell na uandike:

Get-NetAdapter

Angalia safu ya LinkSpeed. Ikisema 1 Gbps, sawa. Ikisema 100 Mbps, ama tundu la ruta ni la 100 (ruta nyingi za laini ya simu ndivyo zilivyo), ama kebo ina kasoro. Ikisema 10 Mbps, kebo au kichwa chake kimeharibika, usipoteze muda zaidi nacho.

Kebo inastahili maneno mengi kidogo kwa sababu inadanganya. Ndani yake mna nyaya nane, jozi nne. Kasi ya 100 Mbps hutumia nyaya nne tu: ya 1, 2, 3 na 6. Gigabiti hutumia zote nane. Jozi ya bluu au ya kahawia ikikatika, mara nyingi muunganisho haufi. Unashuka hadi 100 na kuendelea kuchechemea kimya kimya. Taa inawaka, intaneti inafunguka, na hakuna anayeshuku kebo. Kwa hiyo kabla ya kununua ruta ya gigabiti, badilisha kebo na uangalie LinkSpeed tena.

Ukibana vichwa mwenyewe, mpangilio ni huu, kishikizo kikiwa upande wa chini na pini za dhahabu zikikutazama, kutoka kushoto: nyeupe-machungwa, machungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Ncha zote mbili sawa. Usifumue msokoto wa jozi zaidi ya sentimita moja na kidogo. Unaponunua kebo ya mita, kwangua waya mmoja kwa wembe: shaba halisi ni nyekundu hadi ndani, ya alumini iliyopakwa shaba huonyesha weupe. Hiyo ya alumini hukatika kwenye kichwa ikikunjwa mara chache. Cat5e ya shaba inatosha kabisa kwa gigabiti, mradi urefu usizidi mita 100.

Kwenye kebo ukipata MB 11 au zaidi bila kuyumba, diski na kompyuta hazina hatia, tatizo liko hewani. Kwenye kebo ukipata MB 3, waifai haihusiki hata kidogo. Ruka hadi sehemu ya mwisho, inayoanza na mafaili yenyewe.

Hatua ya 3: pima hewa bila kugusa diski

Programu ya iperf3 ni ya bure, inapima mtandao mtupu bila kusoma wala kuandika faili. Iweke kwenye mashine zote mbili. Kwenye ya kwanza andika:

iperf3 -s

Kwenye ya pili, ukiweka anwani ya ile ya kwanza:

iperf3 -c 192.168.1.10 -t 30

Subiri sekunde 30, kisha rudia ukiongeza -R mwishoni ili kupima upande wa kurudi. Windows Firewall ikiuliza ruhusa, ruhusu kwa mtandao wa nyumbani. Programu inapita mlango wa 5201. Jibu linakuja kwa Mbps, gawa kwa 8. Ukiona iperf3 inatoa 400 Mbps lakini faili linakwenda MB 8, kasoro ipo kwenye diski au programu. Ukiona iperf3 yenyewe inatoa 30 Mbps, fuata hewa. Na kama upande mmoja unatoa 200 na wa kurudi 20, mara nyingi laptopu inaisikia ruta vizuri lakini ruta haiisikii laptopu, maana antena ya laptopu ni dhaifu kuliko ya ruta. Sogeza laptopu, au sogeza ruta.

Hatua ya 4: soma waifai inasema nini

Kwenye Windows:

netsh wlan show interfaces

Mistari ya kusoma ni Radio type, Channel, Receive rate, Transmit rate na Signal. Channel kati ya 1 na 13 ni masafa ya 2.4, kuanzia 36 kwenda juu ni 5. Watu wengi wenye ruta ya masafa mawili hugundua hapa kwamba laptopu yao imeng'ang'ania 2.4 miezi yote. Signal chini ya asilimia 60 ni dalili ya kuta au umbali. Kwenye simu ya Android, programu kama WiFiman huonyesha nguvu kwa dBm, namba hasi: -50 ni nzuri sana, -67 bado inafaa kwa mafaili makubwa, -75 ni ya kuvumilia, chini ya -80 usitegemee kitu.

Andika namba hizo ukiwa mita mbili kutoka kwenye ruta, kisha ukiwa mahali unapofanyia kazi. Kama Receive rate ni 866 karibu na ruta na 52 chumbani, nyumba yenyewe ndiyo kizuizi. Kama ni 54 hata karibu na ruta, kuna mpangilio mbaya, na mara nyingi ni wa ulinzi: ruta ikiwekwa ulinzi wa zamani wa WEP au TKIP, waifai ya kizazi cha n hulazimika kurudi kwenye kasi ya zamani ya 54. Ingia kwenye ukurasa wa ruta, chagua WPA2 yenye AES, au WPA3 kama vifaa vyote vinaikubali.

Mahali pa ruta, na tabu ya milima

Ukikaa Uyole, Iyunga au kwenye miteremko iliyo chini ya mlima Loleza kule Mbeya, au Kihesa na Gangilonga kule Iringa, huenda ruta yako ya laini ya simu umeiweka dirishani, upande ambao mnara unaonekana. Milima inakata mawimbi, na dirisha moja ndilo linalokupa intaneti. Uamuzi huo ni sahihi kwa intaneti, lakini unaiweka ruta pembeni kabisa mwa nyumba, na chumba cha kazi kinabaki nyuma ya kuta mbili au tatu za matofali ya kuchoma. Nusu ya mawimbi yake yanakwenda uani kwa kuku.

Suluhisho ni kuigawa kazi. Ruta ya laini ibaki dirishani. Vuta kebo, hata mita 15 tu kupitia darini, hadi katikati ya nyumba, na hapo weka ruta ya pili ya kawaida yenye gigahezi 5. Fanya hivi, kwa mpangilio huu:

1. Unganisha laptopu kwa kebo kwenye ruta ya pili peke yake, ingia kwenye ukurasa wake.
2. Badilisha anwani yake ya LAN iwe kwenye familia moja na ya kwanza lakini isigongane nayo. Kama ya kwanza ni 192.168.1.1, hii iwe 192.168.1.2.
3. Zima DHCP. Ruta moja tu igawe anwani.
4. Weka jina la waifai na nywila.
5. Chomeka kebo kutoka ruta ya kwanza kwenye tundu la LAN la ruta ya pili. Usitumie tundu la WAN, lile la kuingizia intaneti.

Hatua ya tano ndiyo inayokosewa. Ukiiacha ruta ya pili na mipangilio ya kiwandani ukachomeka WAN, mara nyingi intaneti itafanya kazi vizuri, na ndiyo maana kosa halionekani, lakini umejenga nyumba mbili ndani ya nyumba moja: kompyuta iliyo kwenye ruta ya kwanza haitaziona folda za iliyo kwenye ya pili. Ruta nyingi za sasa zina chaguo lililoandikwa Access Point linalofanya kazi ya hatua ya pili na ya tatu kwa mbofyo mmoja. Ukiliona, litumie, na kwenye baadhi ya ruta chaguo hilo hufanya hata tundu la WAN likubalike.

Kuhusu mahali penyewe: mita moja na nusu hivi kutoka sakafuni, pasipo na kabati la kioo, friji, wala mlango wa chuma karibu. Kioo cha kujitazamia kina utando wa metali nyuma. Tangi la maji lililojaa humeza masafa ya 2.4. Mabati yaliyobaki baada ya kuezeka, yakiegemezwa ukutani stoo, ni kizuizi kikubwa kuliko ukuta wenyewe, kwa hiyo yahamishe kabla hujaanza kutoboa matofali. Gigahezi 5 huchoka kwenye matofali mapema kuliko 2.4, hivyo chumba cha mbali kinaweza kupata 2.4 tu, na hapo kebo ndiyo jibu.

Ekstenda ya kuchomeka kwenye soketi hatuipendekezi kwa kazi ya mafaili. Nyingi za bei ndogo zina redio moja: inasikia pakiti, inanyamaza, kisha inaisema tena kwenye chaneli ileile. Nguvu ya mawimbi inapanda, kasi inashuka kwa nusu au zaidi, nawe unaona pau zote zimejaa na faili halisogei.

Kwa nini kuweka mashine moja kwenye kebo kunasaidia kuliko kitu kingine chochote

Hewa ni barabara ya njia moja, na anayesema ni mmoja kwa wakati. Kompyuta mbili zikiwa zote kwenye waifai, kila kipande cha faili kinapita hewani mara mbili: laptopu kwenda ruta, kisha ruta kwenda kompyuta ya pili. Zile MB 10 zinakuwa 5, na 50 zinakuwa 25. Ukiichomeka kwa kebo ile isiyohama, kompyuta ya mezani au runinga, umerudisha nusu ya kasi papo hapo bila kununua ruta. Kwa nyumba yenye bajeti finyu, mita kumi za kebo ndizo ununuzi wa kwanza, na mara nyingi wa mwisho.

Kuna tatizo lingine la barabara hiyohiyo. Kifaa kilicho mbali chenye mawimbi dhaifu huongea polepole, na wakati kinaongea wengine wote wanasubiri. Ni kama malori yakipanda mlima Kitonga: basi lina nguvu, dereva yuko tayari, lakini mbele kuna lori la shehena kwenye gia ya kwanza na kila mtu anakwenda mwendo wake. Simu ya zamani jikoni inayocheza video kwenye 2.4 inaweza kuiburuza laptopu yako kwa namna hiyo. Iache simu hiyo 2.4, wewe hamia 5. Kama ruta inatumia jina moja kwa masafa yote, ingia kwenye mipangilio uyatenganishe, uyape majina mawili, ili uchague wewe.

Chaneli

Kwenye 2.4 tumia 1, 6 au 11 tu, zingine zinagusana. Upana uwe 20. Upana wa 40 unavutia kwenye karatasi, lakini kwenye nyumba zilizobanana kama za Mwanjelwa unaokota kelele za majirani wawili badala ya mmoja. Fungua programu ya kuonyesha mitandao, au andika netsh wlan show networks mode=bssid, uhesabu majirani kwenye kila chaneli, ukae palipo na wachache wenye mawimbi dhaifu. Kwenye 5 weka upana 80 na chaneli 36 hadi 48. Chaneli za 52 hadi 144 zinagawana masafa na rada, na ruta ikidhani imesikia rada inalazimika kuhama, na uhamishaji wako unakatika.

Adui mwingine wa 2.4 huwa mezani kwako. Diski ya nje ya USB 3 na kebo yake hutoa kelele katika masafa hayohayo. Ikiwa juu ya laptopu, sentimita chache kutoka kwenye antena au kwenye adapta ndogo ya waifai ya USB, kasi huanguka pindi unapoanza kunakili na kupona ukimaliza. Isogeze nusu mita, au hamia 5. Tanuri la maikrowevu nalo huvuruga, ila kwa dakika linazofanya kazi tu.

Umeme

Ruta inayojizima na kuwaka mara moja kwa saa huonekana kama ruta ya polepole. Angalia maandishi chini yake: kama ni 12V 1A, chaja iwe ya volti 12 kamili na ampea 1 au zaidi, ncha ya kati ikiwa na alama ileile ya chanya au hasi. Chaja ya volti 12 yenye ampea 0.5 iliyotolewa kwenye kifaa kingine itaiwasha ruta, taa zote zitawaka, kisha ikianza kazi nzito ya kusukuma faili inaishiwa nguvu na kuanza upya. UPS ndogo ya ruta inasaidia umeme unapokatika kwa muda mfupi, lakini hakikisha volti zake zinalingana na za ruta.

Laptopu ikiwa kwenye betri hupunguza nguvu ya redio. Chomeka chaja, pima tena. Ikipanda, nenda kwenye Power Options, sehemu ya Wireless Adapter Settings, uweke Maximum Performance. Sehemu hiyo isipoonekana, kwenye Device Manager fungua adapta ya waifai, kichupo cha Power Management, uondoe tiki inayoiruhusu kompyuta kuizima adapta.

Msimu wa mvua Tukuyu na maeneo ya jirani radi si kitu cha kubahatisha. Kebo ya shaba iliyopita nje, kutoka nyumba kubwa hadi ya uani, huleta radi hadi kwenye tundu la kompyuta. Wingu likianza kunguruma chomoa pande zote mbili. Nyumba mbili zikihitaji kuunganishwa kwa kudumu, tumia faiba yenye vigeuzi kila upande, kwa kuwa kioo hakipitishi umeme.

Kebo iko sawa, hewa iko sawa, faili bado linatambaa

Sasa angalia mafaili yenyewe. Picha 8,000 za MB 1 huchukua muda mrefu zaidi ya video moja ya gigabaiti 8, kwa sababu kila faili lina salamu zake: kufungua, kuuliza ruhusa, kuandika jina, kufunga. Kwenye waifai kila salamu inasubiri zamu. Zifunge kwanza kuwa faili moja kwa 7-Zip ukichagua Store, maana picha za JPEG hazibanwi tena na kubana kunapoteza muda. Au tumia robocopy inayopeleka kadhaa kwa pamoja:

robocopy D:\Picha \\192.168.1.10\Hifadhi /E /MT:16 /R:2 /W:5

Usisahau /R na /W. Bila hizo, faili moja lililogoma linaweza kujaribiwa mara milioni moja kwa kusubiri sekunde 30 kila mara. Umeme ukikatika, endesha amri hiyohiyo tena. Yaliyokwisha kufika yanarukwa. Ila /MT haiongezi kasi ya faili moja kubwa.

Antivairasi inayokagua kila faili linalofika inaweza kukata kasi kwenye kompyuta ya zamani. Isimamishe kwa dakika tano, ukiwa umechomoa intaneti, upime, kisha uiwashe mara moja. Ukiona tofauti kubwa, ongeza folda ya kupokelea kwenye orodha ya zisizokaguliwa badala ya kuizima. VPN nayo izime unapohamisha ndani ya nyumba. Usiwashe SMB1, njia ya zamani ya Windows ya kushirikisha folda, kwa ajili ya kifaa cha zamani. Ni polepole na ina matundu ya usalama yanayojulikana.

Folda zisipoonekana kabisa, angalia kama mashine moja iko kwenye mtandao wa wageni. Mtandao huo hutenga vifaa visionane, na ndivyo unavyotakiwa kufanya.

Faili la zaidi ya gigabaiti 4 likigoma kuingia kwenye flashi, flashi iko kwenye FAT32. Hamisha vilivyomo, ifomati kwa exFAT.

Kutoka kwenye simu, achana na Bluetooth kwa chochote kikubwa kuliko picha chache. Haifiki hata nusu megabaiti kwa sekunde. LocalSend hufanya kazi kwa Android, iPhone, Windows na Linux kupitia waifai ya nyumbani bila bando. Kama hakuna ruta karibu, washa hotspoti ya simu moja ukichagua gigahezi 5, uzime data, uunganishe nyingine.

Ukimaliza, bandika nyuma ya ruta karatasi yenye namba tano: kasi ya faili kwenye kebo, kasi kwenye waifai mita mbili, kasi chumbani, Receive rate ya chumbani, na chaneli. Siku faili likianza kutambaa tena, rudia vipimo vitatu vya mwanzo na ulinganishe. Namba iliyoshuka itakuonyesha pa kuanzia.